Kulipa Deni na Kuutunza Mwili

(Hotuba ya mfanyabiashara wa mbegu wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliyoitoa mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu katika sherehe ya miaka 10 ya Chama chetu Kikuu. Imechapwa humu kwa ombi la wajumbe.)



Katika sherehe kama hii ni desturi kumwalika mtu aliyefanikiwa, aeleze jinsi alivyofanikiwa. Ninyi mmemwalika mtu aliyeanguka. Katibu wenu aliponijia dukani alisema, "Mzee, tunakuomba uje utueleze habari ya nyumba yako." Nilisita, maana habari hiyo ina aibu ndani yake. Lakini wengi wenu mmenunua mbegu kwangu miaka mingi. Wako waliokopa kwangu msimu wa kupanda na wakarudi kunilipa baada ya mavuno, nami nayajua madeni yao. Si haki mimi nijue madeni yenu, na ninyi msijue yangu.

Nilizaliwa hapa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Jina la mahali hapa, kama wengi mjuavyo, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Marehemu baba yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, naye aliijenga nyumba hiyo chumba baada ya chumba, kwa kadiri ya mshahara wake. Katika ujana wake palikuwa na sheria ya Waingereza iliyozuia Mwafrika kukopeshwa na mwenye duka pasipo idhini ya serikali. Basi aliyepatwa na shida mjini alichukua khanga, pete au sufuria akaenda kuiweka rehani, akapewa shilingi chache, na akipata fedha alikwenda kuikomboa. Wazee wetu walilijua neno rehani kwa vitu vidogo vya nyumbani. Mimi nililijua kwa nyumba yenyewe.

Mwezi wa Januari 2019 niliiweka nyumba ya baba yangu rehani katika benki moja ya mjini, nikapewa mkopo wa shilingi milioni 40. Nilikusudia kukuza biashara yangu ya mbegu na dawa za mimea. Mkopo ulikuwa wa miaka 5, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na malipo ya kila mwezi yalizidi kidogo shilingi milioni 1. Mke wangu alitia sahihi, kwa kuwa nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya 1971, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo yasema vivyo hivyo. Lakini nakiri mbele yenu kwamba sikumweleza kitu. Nilimwonyesha mstari, nikamwambia, "Tia sahihi hapa." Akatia. Sheria iliridhika, lakini mimi sikuwa nimemtendea haki.

Kwanza nataka niwaonyeshe hesabu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuonyeshwa, wala sikuuliza. Mkopo wa milioni 40 kwa masharti yale, ukilipwa bila kukosa mwezi hata mmoja, humaliza karibu milioni 61. Tena miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya malipo huliwa na riba. Ilipofika Julai 2021 nilikuwa nimekwisha lipa mara 30, yaani nusu ya muda wote, na kwa jumla nimetoa zaidi ya milioni 30. Nilidhani nusu ya deni imekwisha. Lakini deni lililosalia lilikuwa bado zaidi ya milioni 24. Atakayewapelekea karatasi ya mkopo, mwombeni kwanza jedwali la malipo, mwezi kwa mwezi, lioneshe riba ni kiasi gani na deni lenyewe linapungua kiasi gani. Mkilisoma na kulifahamu, ndipo mshike kalamu.

Mwezi huohuo wa Julai 2021, usiku wa tarehe 10, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na kwa miaka mingi mazao ya wakulima wa nchi hii yamepita chini ya paa lake. Kibanda changu cha mbegu kilikuwa humo. Asubuhi nilisimama barabarani pamoja na wenzangu, tukitazama moshi. Mali yangu haikuwa na bima ya moto. Nyumba ilikuwa salama, lakini kile kilichokuwa kikiilipia nyumba kilikuwa kimekwisha kuwa majivu.

Hapo ndipo lilipoanza kosa langu la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kwenda benki na kusema, "Nimeunguliwa," niliona haya. Nilitaka malipo ya Agosti yafike kama kwamba hapana jambo lililotokea. Basi nilikwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale ambao mikopo yao watu wameiita kausha damu. Nilipewa milioni 1, nirudishe elfu 50 kila siku kwa siku 26, yaani milioni 1 na laki 3. Ile laki 3 ndiyo riba ya mwezi mmoja usiotimia. Wakopeshaji wadogo wenye leseni wameagizwa na Benki Kuu ya Tanzania wasizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa milioni 1 ni shilingi elfu 35 tu. Mwezi wa Septemba nilikopa kwa wa pili ili nimlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu. Ilipofika Oktoba nilikuwa natakiwa laki 1 na nusu kila siku iendayo kwa Mungu, mvua inyeshe isinyeshe, niuze nisiuze. Siku hizi mikopo ya namna hiyo imeingia hata katika simu, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopeshea zisizokuwa na leseni. Zikataeni, hata kama fedha yake huja upesi.

Sasa nawaeleza jinsi nilivyojitendea mwenyewe. Nilikuwa na maradhi ya presha tangu mwaka 2016, na vidonge vyangu vya mwezi mzima vilinigharimu shilingi elfu 15. Mwezi wa Agosti nilivikata. Nilijiambia kwamba mtu mwenye deni hana haki ya kununua dawa ya ugonjwa usiomuuma. Na ni kweli haukuniuma. Presha haina kelele, na kwa hiyo humdanganya mtu. Nilikata na chakula cha mchana, nikawa nashinda kwa chai na andazi. Nililala saa 4 kwa usiku, na saa hizo nazo niliota hesabu. Barazani sikuonekana tena, kwa kuwa niliogopa kuulizwa. Simu ilipolia moyo uliruka. Nyumbani nilinyamaza, na mke wangu aliponiuliza nilimjibu kwa ukali. Na katika hayo yote nilijiona mtu hodari! Nilidhani kujinyima ndiko kulipa.

Siku moja ya mwezi wa Oktoba, katika Mtaa wa Kongo, nikiwa nimebeba mfuko wa mbegu za mahindi, mkono wangu wa kulia ulikufa ganzi. Mfuko ulianguka, nami nikafuata. Wachukuzi wa mizigo walinibeba kwa guta hadi hospitali, Mungu awalipe. Nililazwa siku 9, na kwa muda wa miezi miwili sikuweza kushika kalamu. Gharama yote ilifika milioni 1 na laki 8. Hebu pigeni hesabu pamoja nami. Kwa kuacha dawa miezi mitatu niliokoa shilingi elfu 45. Fedha niliyotoa hospitali ingeninunulia vidonge vya miaka 10, yaani umri wa Chama hiki tunachokisherehekea leo. Na fedha hiyo sikuitoa mimi. Mke wangu aliuza bangili zake mbili za dhahabu, ambazo zilikuwa mahari yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi mawili, la damu na la fedha, na yote mawili yaliniumbua siku moja.

Nilipokuwa kitandani mke wangu alikuja na daftari la shule la mjukuu wetu. Akaketi, akasema, "Baba watoto, nitajie kila unayedaiwa naye. Usimwache hata mmoja." Nikamtajia, naye akaandika. Alipomaliza hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ni hao tu?" Nawaambieni, ndugu zangu, usiku ule nililala usingizi wa kwanza tangu Julai. Deni lililoandikwa ni kubwa vilevile, lakini mtu huliona mwisho wake.

Mambo tuliyoyafanya baadaye ni haya, nami nayataja kwa utaratibu ili anayetaka ayatumie.

Kwanza, katika daftari lile, juu ya majina ya wadai wote, mke wangu aliandika mambo mawili: chakula na dawa. Nilipinga. Nilisema benki ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuchukua nyumba. Akanijibu, "Na wewe ukichukuliwa, benki italipwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Pili, tuliua madeni ya kausha damu kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu deni lenye riba kubwa ndilo linalokula mengine yote. Tuliuza guta letu la mizigo na jokofu, tukawalipa wote watatu, tukachana karatasi zao mbele yao.

Tatu, tulikwenda benki, mimi na mke wangu pamoja, kabla ya kuandikiwa barua. Tulichukua daftari, picha za kibanda kilichoungua na karatasi za hospitali. Yafaa mjue kwamba Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa, humtaka mkopeshaji ampe mwenye rehani notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Siku hizo ni za kuzungumza, si za kujificha. Sisi tulizungumza hata kabla hazijaanza kuhesabiwa. Tulikubaliwa kulipa laki 6 kwa mwezi kwa miezi 6 tangu Januari 2022, kisha laki 8 kila mwezi mpaka deni liishe. Wala msidhani kwamba tulipewa sadaka. Kuongezwa muda kulitugharimu kiasi cha milioni 5 zaidi, na mwisho wake nililipa karibu milioni 66 kwa mkopo wa milioni 40. Lakini nyumba ilibaki, na mlipaji akabaki.

Nne, tulitafuta mlango mwingine wa mapato. Vyumba viwili vya mbele tulivipangisha kwa wafanyabiashara wawe wanaweka mizigo yao, na sisi tukajibana vyumba vya nyuma.

Tano, tulijiunga na chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wenzetu, tukaweka akiba kila juma, hata katika miezi ya dhiki, ijapokuwa ni elfu 5 tu. Haba na haba hujaza kibaba. Akiba ile ndiyo iliyotuzuia tusirudi kwa kausha damu mtoto alipougua au mvua ilipoezua bati.

Sita, nilipewa amri, na aliyeitoa mnamfahamu. Kila alfajiri sharti nitembee hadi Mnazi Mmoja na kurudi. Kila mwezi sharti nipimwe presha. Jumapili sifungui duka. Na kila Jumamosi jioni sharti nikae barazani na wenzangu tucheze bao. Mwanzoni niliona haya kuonekana nacheza bao hali nadaiwa. Lakini ni pale barazani ndipo nilipojua kwamba wenzangu watatu wana madeni kama yangu, na mmoja wao amekwisha acha kula mchana. Tulimshika mkono mapema.

Mwezi wa Agosti 2025 nililipa mara ya mwisho. Nami nawapa onyo moja dogo: mkimaliza msitosheke na stakabadhi. Hakikisheni kwamba rehani imefutwa katika daftari la msajili wa hati, na hati yenu imerudi mikononi mwenu. Yangu imerudi, na jina la baba yangu lingali linasomeka katika karatasi za zamani zilizoambatanishwa nayo.

Ndugu Wajumbe, pengine yuko anayesema moyoni kwamba haya ni mambo ya mjini, yeye ni mkulima, hana hati ya nyumba wala hajaingia benki. Lakini rehani ya shambani ipo, nanyi mnaijua kuliko mimi. Katika nchi ya korosho, Mtwara na Lindi, huitwa kangomba. Kagera, katika kahawa, huitwa butura. Mkulima hupungukiwa katikati ya mwaka, huyauza mazao yangali mtini kwa bei ya kutupa, na siku ya mavuno huvuna mali ya mtu mwingine. Na mara nyingi fedha aliyoitaka ilikuwa ndogo tu: ada ya mtoto, mazishi, au dawa. Asiye na akiba ya dawa huweka rehani shamba zima. Ndiyo sababu nawasihi kila chama cha msingi kiwe na mfuko wa akiba karibu na mizani, ili mwanachama aweke kidogo siku anapouza, apate siku anapougua. Kukopa harusi, kulipa matanga; lakini akopaye kwa mwenzake mwenye riba nafuu huyapunguza matanga.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa Bodi na kwa Mkutano Mkuu, nami naomba radhi kwa kuwa ni mgeni. Nimesoma katika makabrasha ya leo kwamba mtajadili pendekezo la kuweka ghala la Chama rehani, mpate mkopo wa kununulia mashine. Sikuja kuwaambia mkatae. Bila mkopo nisingekuwa na duka. Nimekuja kuwaomba mjiulize maswali matatu ambayo mimi sikujiuliza.

La kwanza, je, mwenye mali ameelezwa? Ghala ni la wanachama, kama vile nyumba yangu ilivyokuwa ya mke wangu na yangu. Ukomo wa madeni ya Chama hupitishwa nanyi katika Mkutano Mkuu, na kuidhinishwa na Mrajis. Msiwe kama mimi, mkamwonyesha mkulima mstari na kumwambia, "Tia sahihi hapa." Jedwali la malipo lisomwe kwa sauti, na aulizaye asikaripiwe.

La pili, malipo yatatoka wapi mwaka ambao mvua itakosa, au bei itaanguka? Na ghala lina bima ya moto?

La tatu, chakula na dawa ya Chama ni nini? Kwa maoni yangu chakula chake ni kumlipa mkulima fedha yake kwa wakati, na dawa yake ni ukaguzi wa hesabu kila mwaka. Vyama vikuu vya nchi hii vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na katika miaka ya 1990 vingi vilizama katika madeni. Chama kinachochelewesha malipo ya mkulima ili kiilipe benki hujikata chakula, kama nilivyofanya mimi. Kwa muda kitaonekana hodari. Kisha mkulima hupeleka mazao yake kwingine, na Chama huanguka barabarani na mfuko wake begani. Kwa hiyo liandikeni jambo hilo juu kabisa ya daftari, kabla ya jina la mdai yeyote. Ikiwa baada ya kumlipa mkulima na kumlipa mkaguzi bado fedha yatosha kulipia mashine, kopeni, na Mungu awabariki. Ikiwa haitoshi, ngojeni msimu mwingine. Ghala halitakimbia.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi, na chakula kinapoa. Dawa ya deni ni kulipa, hilo ni kweli. Lakini anayelipa ni mtu, naye hula, hulala na huugua. Mimi nimemaliza deni la benki. Sijamaliza deni la bangili mbili. Mwenyewe anasema hanidai, naye yuko hapa, amekaa safu ya tatu. Lakini nimeliandika katika daftari, chini ya chakula na dawa, na akiba yake nimekwisha ianza.

Nawatakia Mkutano mwema, na miaka mingine 10 ya afya njema.